Bidon ya mugonjwa

Sisi tuliozaliwa kwenye milima ya Nyabiondo tunajua: enzi zetu maji haikumwagwa ovyo. Maji ambayo mama alioshea maharagi, njo hiyo tulinawia miguu jioni. Ikiisha kuwa nyeusi, tuliipeleka kwenye shina la migomba nyuma ya nyumba. Ukichoka na kuimwaga njiani, ulisikia sauti ya mama kutoka jikoni: «We mutoto, hiyo njia iko na kiu?» Tulicheka, lakini hatukurudilia.

Ku masomo vilevile. Kila mutoto alibeba maji kidogo ndani ya kopo, ya kunyunyizia vumbi, sababu darasa ilikuwa udongo mutupu. Mwalimu alitaka tunyunyize na vidole, pole pole. Njo kitu nilijua vizuri pale; hesabu ilinishinda, na masomo niliacha nikiwa mudogo. Tukitoka tulicheza mupira wa majani ya migomba mpaka jasho inaingia machoni, halafu tunatelemuka ku chemchem na kukunywa kwa jani pana la mateke, yale magimbi. Baridi yake ilipiga meno. Vijana wa leo wanakunywa maji ya sashe, ile ya vifuko vya plastiki, wanatupa nusu ndani ya matope, halafu wanalia ati joto iko mingi.

Nyuma ya mulango mama aliweka bidon moja ya njano, dumu la maji, yenye kufunikwa na kitambaa. Karibu kila nyumba ya kwetu ilikuwa nayo. Tuliiita bidon ya mugonjwa. Maji yake ilichemshwa na kubadilishwa, na hakuna aliyeigusa, hata mugeni wa heshima, hata baba akitoka shamba na ulimi umekauka. Ilingoja tu siku muntu wa nyumba atalala na homa ao kuhara.

Sasa nitaje watu, sababu wengine wanapenda kusema tu «vita, vita», kama vile vita iko na mikono yake yenyewe. Papa Deo, kapita wetu, mukubwa wa kijiji, aliuzia wachoma makala, makaa ya kupikia, miti yote ya juu ya chemchem. Wazee walipolalamika, akaleta miche ya mikaratusi. «Mulilia miti, miti hii hapa.» Na sisi tukapanda! Kijiji kizima, watoto wanaimba, wamama wanachimba mashimo kuzunguka chemchem yenyewe. Tulijua muti unalinda maji. Hakuna aliyetuambia kama muti ule wa mikaratusi unaikunywa. Mikaratusi ikapanda juu, chemchem ikashuka, mpaka kiangazi kimoja ikabaki matope na vyura. Mbao aliuza Papa Deo.

Kiangazi kile kile dada yangu mudogo, Zawadi, akashikwa na kuhara. Macho yake yaliingia ndani. Mama akafungua bidon, akamunywesha na kijiko, na tuliona mutoto anaanza kurudisha nguvu, hata akamuomba mama amusuke nywele.

Halafu wakakuja vijana wa bunduki. Mukubwa wao alikuwa Safari, mutoto wa jirani yetu. Mama alimufuta kamasi yule. Pikipiki yake ilijaa matope. Akaangalia ndani ya nyumba, akaona bidon.

«Safari, mwanangu, hiyo iko ya mugonjwa,» mama akasema. «Mutazame mwenyewe, yule pale ku mukeka.»

«Mama, hata pikipiki yangu inagonjwa,» akajibu, na wenzake wakacheka sana.

Akaiosha kwa maji yote, mpaka magurudumu. Maji ingine ilikuwa chini mutoni, na njia ya mutoni, vijana wale wale njo walikuwa wameifunga, hakuna kupita. Baba aliwaomba, wakamupiga kitako cha bunduki. Zawadi aliita maji mpaka sauti ikaisha, na kulipokucha hakuita tena. Safari leo anaitwa Komanda. Papa Deo, nasikia, amejenga ku muji nyumba yenye robine, bomba yake mwenyewe ya maji, ndani ya uwa, anamwagilia maua.

Mimi sasa naishi huku Mweso, mukimbizi wa zamani kati ya wakimbizi wapya. Naoshea watu pikipiki, njo kazi niliyopata. Vijana ninaotumika nao wanaacha robine wazi wakipiga hadithi, maji inakimbia barabarani na mutelemuko. Mimi naosha kwa kitambaa chenye kulowa ndani ya ndoo moja, na ile iliyobaki naoshea pikipiki ingine magurudumu. Wanaitana: «Mutazameni muzee huyu, anapimia pikipiki maji kama dawa!» Mwingine: «Papa, maji inatoka yenyewe, unamuchungia nani?»

Naenda kufunga robine, wanafungua, nafunga tena. Enzi zetu maji ilikuwa kidogo, na hata mutoto wa kutambaa alijua kazi yake. Leo inatoka ku bomba siku inayopenda, na hakuna anayeitazama ikipita. Nikiwajibu, itabidi niseme nachungia nani. Na wao wataniuliza alikuwa na miaka ngapi, aliomba nini, na kama nywele zile mama alimaliza kuzisuka.