Swichi ya Msiba

Amoni wa Lupepo alinunua jenereta kwenye mnada wa jeshi kule Mbeya, miaka ile ambayo kila mwenye visenti vya kahawa alitaka naye aitwe mfanyabiashara. Serikali ilikuwa imeachia soko, na watu walijazana minadani kama kuku waliomwagiwa mtama. Injini ya jenereta lile ilikuwa nzima, ila paneli yake, yaani lile sanduku la mita na swichi linaloamrisha kila kitu, ilikuwa imeungua mpaka nyaya zikagandana. Mpya ilibidi iagizwe Ulaya, na bei yake iliishinda ya jenereta lenyewe. Rahisi huvunja upishi, majirani walisema, na walisema huku wanacheka. Amoni hakupata hata nafasi ya kuwajibu. Homa ilimchukua masika yaleyale, akamwacha mkewe Ikupa, watoto, na dude la chuma limefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Ukoo wa marehemu ulikaa kikao. Wakasema mjane akiweza kuwalisha watoto mwenyewe, abaki kwenye migomba yake. Akishindwa, aende Isongole akarithiwe na shemeji yake Meshaki, mtu mwenye wake wawili na mkono mwepesi wa kupiga. Mchungaji aliukemea urithi huo kanisani kwa sauti kubwa, lakini hakuwa na unga wa kumpa mjane. Ikupa akashuka Tukuyu mjini kwa kaka yake Andongwisye, fundi umeme aliyestaafu karakana ya jeshi.

"Kaka, lile dude likiwaka, nitasagisha mahindi," alimwambia. "Lisipowaka, mimi ni wa Meshaki."

Andongwisye aliyajua majenereta yale tangu ujana wake. Lakini kujua kitu ni jambo moja, kukitengeneza upya kwa vitu vya Tukuyu ni jambo jingine. Alikata bati la pipa akalikunja sanduku. Swichi za joto na za presha ya oili alizing'oa kwenye malori mabovu, rilei, zile swichi ndogo za sumaku, akazitoa kwenye mitambo iliyotupwa, na mita ya volti akaitafuta mpaka Tunduma. Paneli ya kwanza ilikufa kwa unyevu, maana mvua ya huku haipigi hodi. Ya pili aliizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kila ukingo, ikadumu. Injini ikipata joto kupita kiasi au ikikosa oili, paneli iliizima yenyewe, bila kumsubiri mtu.

Kitu kimoja tu hakukirudisha. Kwenye paneli ya jeshi kulikuwa na swichi yenye kifuniko chekundu, ya kuiambia injini isizime hata kama inakufa, kwa sababu vitani taa ni muhimu kuliko injini. "Sisi tuna vita na nani?" alijiuliza, akaiacha.

Ikupa akafunga kinu cha umeme kwenye jenereta, akaanza kusaga. Foleni ya ndoo na madebe ilifika barabarani, watoto wakavaa viatu, na Meshaki akapunguza kuja kusalimia. Wenye majenereta ya mnada wakaanza kumtafuta fundi, naye akawatengenezea na wao paneli kama ile.

Balaa lilianzia Kawetele, kwenye msiba wa mzee wa kanisa. Jenereta la pale lilipata joto wakati kilio kimekolea, paneli ya Andongwisye ikafanya kazi yake, ikazima. Maiti ikabaki gizani. Akina mama wa Kinyakyusa hawasamehe jambo kama hilo. Walimwita fundi mchawi wa taa, wakamwambia amemtukana marehemu mbele ya wakwe zake. Aibu ile ilimkaa rohoni. Akarudi kwenye kibanda chake cha ufundi, akaiongeza ile swichi kwenye kila paneli, na ya dada yake pia, akaifunika kwa kibati alichokipaka rangi nyekundu. Watu wakaibatiza swichi ya msiba. Mtu mzima alijua kabisa anachofanya, na alikifanya ili asemwe vizuri.

Kisha akafa mama yao, Bibi Atuganile. Jenereta likabebwa mpaka uwanjani kwake, kwa kuwa msibani hakuna anayenyima kitu. Andongwisye ndiye aliyefunua kile kibati na kuiwasha swichi kwa mkono wake. Taa ziliwaka siku zote za kilio bila kupepesa, ng'ombe wakachinjwa, mama akazikwa kwa heshima, na wazee wakamshika mkono fundi. Machozi yalimziba macho. Hakukumbuka kuirudisha swichi.

Baada ya matanga jenereta likarudishwa kwa Ikupa, na kijiji kizima hakikuwa na unga, maana wakati wa kilio hakuna aliyesaga. Ikupa aliwasha tangu alfajiri. Mpira wa rejeta, uliochoshwa na mkesha, ukapasuka na maji ya kupoza injini yakamwagika chini. Taa nyekundu ya onyo kwenye paneli iliwaka, lakini vumbi la unga lilikuwa limeifunika, na yeye hakuwa na mazoea ya kuitazama. Kaka yake alishamwambia mashine itajizima. Injini ikanoki, vyuma vikashikana kwa kishindo kimoja, ikanyamaza.

Andongwisye alifika ameloa jasho. Aliona kibati kimefunuliwa.

"Nani aligusa hapa?" aliuliza, na jibu alikuwa nalo.

"Wewe, kaka," Ikupa alisema taratibu. "Ulisema mama asilale gizani."

Injini nyingine haikupatikana. Fundi aliuza vifaa vyake, akaomba kwa waliomsifu msibani, nao wakamwambia pole. Mavuno ya mahindi yalipokwisha, Meshaki alikuja na lori la viazi. Jenereta lilinunuliwa na marehemu ndugu yake, kwa hiyo ukoo ulisema ni lake, pamoja na mjane. Alilizunguka, akaipigapiga ile paneli kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Fundi, hii yako haina hata mkwaruzo," alisema. "Nitafunga injini nyingine. Mke wangu atasaga, mimi nitakusanya."

Andongwisye alisaidia kulipakia, akakaza kamba mwenyewe, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi. Ikupa aliwapandisha watoto, akakaa juu ya magunia matupu, mgongo kwenye jenereta.

"Ndaga, kaka," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Mama tulimzika vizuri."

Alisema kwa moyo mweupe, bila kijembe. Andongwisye aliusubiri mkono wa dada yake umpige, au hata amtemee mate, na lori likaondoka akiwa bado anasubiri.