Khanga Niliyoifanya Glovu

Mwanangu unayeanza kazi kwenye kiwanda cha gesi, ipo siku moja ya Kibaha ambayo haijanitoka. Nilikuwa msichana kutoka Kurui, nimeishia darasa la pili, nimepata kazi ya usafi kwenye shamba la ng'ombe, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Stoo palikuwa na mtungi mkubwa wa gesi iliyogeuzwa maji, ya kutunzia mbegu za madume. Yanafuka kama uji wa moto, kumbe kwa baridi barafu haioni ndani.

Mwenye kuyamimina alikuwa mtunza stoo, Mzee Kondo, na glovu zake pana za ngozi. Mchana ule alikwenda kuswali, na gari la kwenda Kwala linangoja kimtungi chake kijazwe maji yale. Nikajitia kusaidia.

"Shoga, vaa glovu," akasema Tausi binti Pazi, mwenzangu wa ufagio.

"Mie naepua sufuria ya pilau kwa khanga, nitashindwa na baridi?"

Nikaizungusha khanga mkononi, nikainamisha mtungi. Maji yakaruka. Khanga ikayanywa yote, ikakauka kama bati, ikanigandia vidoleni. Nikapiga yowe. Tausi akaishika aivute, mara Mzee Kondo huyo, miguu mitupu.

"Acha! Utaivuta na ngozi yake!"

Akatutoa nje, akauloweka mkono wangu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka khanga ikaachia yenyewe. Vidole vyeupe kama nta, havisikii kitu. Hapo ndipo nilipolia. Mie msusi wa ukili, mwanangu; bila vidole ningesuka na nini?

"Binti," akaniambia tukienda zahanati, "moto unakuunguza ukaruka. Huu wa baridi unakutia ganzi, ukadhani umepona."

Malengelenge yalikaa wiki nyingi. Nashukuru, vidole vilipona, mkeka huu ninaoukalia nimeusuka mwenyewe, ila kidole cha kati hakijui tena moto wala baridi.

Basi wakikupa glovu, vaa, tena ziwe pana uzivue upesi. Nguo isikudanganye, inayashika yale maji mwilini. Na madirisha yawe wazi, maana ule moshi unamaliza hewa chumbani, mtu akaanguka bila kuaga. Ukiungua usisugue, usikimbilie jikoni kuota moto; maji ya uvuguvugu, kisha daktari. Na mwenye kazi yake akichelewa, gari lingoje.

Mungu akulindie mikono, mwanangu, uzeeke na vidole vyote kumi, vyote vinasikia.