RAM ya Mama Ilipojaribiwa

Harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta kuukuu hainiachi salama. Nikiisikia ofisini, tayari nimeshafika kijijini Daudi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Humo mama alikuwa na steshenari yake: meza moja, printa iliyotafuna karatasi, na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama chakula cha mgeni.

Kompyuta ile ilikuwa mvivu, jamani! Umeme ukikatika, na kwetu ulikatika bila kuaga, kuiwasha tena kulichukua muda wa uji kuchemka na kupoa. Wateja waliokuja kuchapiwa barua walikaa kwenye benchi wakaulizana habari za mahindi, wakamaliza, wakaanza upya. Mama alichoka. Dada yake mwenye duka Babati alikuwa amemwita akafanye kazi kwake, na mama akatuambia waziwazi: mashine isiponyooka, atakwenda, na mimi nitabaki na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa dereva wa trekta huko Basotu na tulimwona kwa nadra. Nilimpenda bibi, lakini nilikuwa darasa la tatu na bado nilishika kanga ya mama ndipo usingizi uje. Niliogopa sana.

Ndipo akaja fundi kutoka Mbulu mjini na RAM, kibao chembamba cha kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu. Alisema iliyomo ni ndogo. Akiweka hii, mashine itabeba kazi nyingi kwa pamoja. Mama hakununua papo hapo. Kwetu ng'ombe wa jembe hanunuliwi kwa kutazamwa pembe. Anafungwa nira kwanza, alime ukimwona. Fundi akakubali ijaribiwe. Akaifunga asubuhi, mimi nikiwa shuleni.

Niliporudi, mashine ilikuwa imeshawaka na bibi ameshaketi na shuka lake kushuhudia. Mama akafungua ratiba ya mazishi yenye picha, kadi ya harusi na nyimbo za kwaya, vyote kwa mpigo. Jana yake kazi hiyohiyo ilikuwa imeigandisha kabisa. Sasa picha zilipita moja baada ya nyingine. Nikapiga makofi.

Bibi hakupiga.

"Mama Neema," alisema, "ng'ombe tumemkuta amesimama. Mlaze kwanza, tuone anavyoinuka."

Alitaka izimwe, iwashwe tena. Fundi akaanza kutafuta bisibisi aliyoishika mkononi.

"Chai inapoa, mama," mama akajibu, akimimina. Kisha akamgeukia fundi. "Iache humohumo. Nimeridhika."

Kesho yake umeme ulikatika, na kompyuta ikawaka kwa uvivu uleule. Bibi alinitazama, akaguna, akaendelea kuchambua maharage. Mama hakutaja Babati tena.

Kwa miaka mingi niliamini mama yangu alibambikiwa, na nilimwonea huruma. Baadaye nilisomea mambo haya, nikajua kuwa RAM husaidia pale kazi zinapokuwa nyingi, lakini uvivu wa kuwaka kwa mashine kama ile ulitokana na diski iliyochakaa. Hapo ndipo jambo la wazi kabisa liliponijia: RAM haifungwi mashine ikiwa inawaka. Asubuhi ile mama aliizima, akaiwasha na kuisubiri, fundi akiwa pembeni. Alijua jibu la swali la bibi kabla bibi hajauliza. Watoto hudhani wakubwa hupima ndipo waamue. Mama aliamua kwanza, akatafuta kipimo cha kumuunga mkono.

Juzi nilimpigia simu nikamuuliza kwa nini hakwenda Babati. Alicheka.

"Ungelia," alisema. "Na mimi ningelia."