Mpishi wa Matrah na mlo alioukataa Japani

Saa mbili asubuhi, katika soko la samaki la Matrah, Omani, Marhoon bin Thabit ameinama juu ya jodari mmoja mkubwa na kumfunua matamvua kwa kidole gumba. Nyuma yake mabaharia sita wa Kijapani wameinama vilevile. Muuza samaki, Bakhit, anawatazama wote saba kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mwekundu," anasema Marhoon. "Wa leo huyu."

Baharia mmoja anauliza kwa ishara kama anaweza kukatiwa kipande amle papo hapo. Bakhit anakunja uso.

"Mbichi? Hata paka wangu hunisubiri nichome!"

Marhoon anacheka, lakini si kwa kuwacheka wageni. Anawaeleza kwa Kijapani chake cha melini kwamba hapa samaki hupita motoni kwanza. Wanaitikia kwa vichwa, na msafara unaendelea.

Marhoon ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Siku sita kwa wiki ni mpishi wa bwalo la wafanyakazi karibu na bandari ya mafuta, kwa mshahara wa riali ishirini na tano kwa mwezi. Siku yake ya mapumziko huwatembeza mabaharia wanaoshuka kutoka meli zinazokuja kupakia mafuta, akiwaonyesha watu wa Matrah wanakula nini na wanaishi vipi. Kila mgeni humlipa nusu riali, na chakula cha mchana kimo humo humo.

Hachukui zaidi ya sita. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kuwa sinia la mkewe linatosha watu saba wakikaa vizuri, na mwenyeji lazima awe mmoja wao.

Kazi hii ameianza Agosti mwaka huu wa 1970. Kabla ya hapo isingewezekana. Milango ya mji ilikuwa ikifungwa usiku, na mgeni kuzurura sokoni lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Sasa, tangu Sultani mpya ashike nchi mwezi Julai, mambo yanafunguka, na Marhoon amekwisha kutembeza makundi kumi na moja.

Leo ni la kumi na mbili, na leo hana raha. Sokoni amejikwaa mara mbili mahali tambarare. Miongoni mwa wageni yumo Hamaguchi, mpishi wa meli, mtu mfupi mwenye mvi za mapema, ambaye Marhoon hajaonana naye kwa karibu miaka miwili.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kutembeza watu," ananinong'oneza Marhoon. "Na huyu ndiye nliyemkosea."

Tunafika duka la halwa la mzee Ghanim. Kabla kijiko hakijagusa mdomo wa mtu, Marhoon anainua mkono na kuhesabu kwa vidole: sukari, wanga, samli, zafarani, iliki, maji ya mawaridi. Anawaambia hakuna kingine, na mwenye swali aulize sasa. Hufanya hivyo kila kituo, kwenye mkate, kwenye kahawa, hata kwenye papa mkavu ambaye hana siri yoyote zaidi ya chumvi na jua.

Ghanim anamtania kila wiki. "Wewe unauza halwa au unatoa ushahidi mahakamani?"

Utani huo una historia yake.

Marhoon alizaliwa Malindi, Unguja, akaingia melini akiwa kijana, jikoni. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta baharini, na hakurudi tena. Mwaka uliofuata alifika Maskati kwa ami yake, akamwoa Masouda, binti wa familia iliyotoka Unguja kama yake. Mafuta yalipoanza kusafirishwa, alipata kazi katika jiko la meli inayoyapeleka Japani. Humo ndimo alimomkuta Hamaguchi.

Machi 1968 meli yao iliingia chelezoni Japani kufanyiwa matengenezo kwa siku kumi na mbili. Hamaguchi akawachukua wenzake sita, Marhoon akiwemo, akawavusha kwa boti hadi Shodoshima, kisiwa alikozaliwa.

"Wallahi nlikipenda," anasema Marhoon. "Tambi zao wanazianika nje mfano wa nyuzi, nyeupe, ndefu. Kuna mizeituni! Mie Mwarabu natoka Arabuni nakwenda kuona mizeituni Japani. Na mahujaji wao wanatembea hekalu hadi hekalu wamevaa nyeupe. Nkasema, subhanallah, kila watu na safari yao."

Kisha Hamaguchi akawaingiza katika kiwanda cha mchuzi wa soya. Ndani mlikuwa na mapipa ya mbao marefu kuliko mtu, na ndani ya mapipa kitu cheusi kikichacha polepole. Marhoon alivuta pumzi moja tu.

"Nlinusa pombe. Nkasema basi, hawa kila wanachopika wanakitia pombe. Sikumuuliza mtu. Nlijiona mjuzi."

Mchana walikaribishwa nyumbani kwa mama yake Hamaguchi, mjane wa miaka sabini na nne. Alikuwa ameandaa tangu jana yake: samaki, mboga, tambi, supu, kila kimoja katika kibakuli chake. Wenzake wakala. Marhoon akala wali mkavu na tende tatu alizokuwa nazo mfukoni. Kila kibakuli alichosogezewa alikirudisha taratibu kwa ncha za vidole.

Walipoaga, mama alipiga magoti mlangoni mbele ya Marhoon, akainamisha kichwa mpaka sakafuni.

"Ananiomba radhi mie," anasema Marhoon. "Mama mtu mzima. Kwamba chakula chake hakikunifaa."

Wiki tatu baadaye, baharini, alimuuliza Hamaguchi mchuzi ule unatengenezwa na nini. Maharage ya soya, akajibiwa, ngano, chumvi na maji. Na pombe ambayo Wajapani huongeza katika mapishi? Mama aliambiwa mapema, Hamaguchi alisema, hakutia hata tone. Wala nguruwe.

Aliporudi Matrah alimwendea sheikh wake na kumweleza yote, kiwanda, mapipa na harufu, akamuuliza kama mchuzi ule ni halali. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia swali lake ni zuri, ila lilitakiwa kuulizwa kabla ya chakula.

Mwanzoni mwa 1969 Marhoon aliacha bahari. Hakuwahi kumwomba radhi Hamaguchi. Anasema kila akifungua mdomo, aibu ilimtangulia.

Saa saba tunaingia nyumbani kwake. Wageni wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo linalomfurahisha Masouda kila mara. Sinia linawekwa juu ya mkeka: wali wa nazi, nguru wa kupaka, kachumbari. Marhoon anataja kila kilichomo, safari hii akimtazama Hamaguchi peke yake.

Hamaguchi anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha ananawa, anakunja mkono wa shati, anatia vidole vitatu katika wali na kula. Anakula vibaya, punje zinamdondokea magotini, lakini anakula mpaka upande wake wa sinia unabaki mweupe.

Hapo ndipo Marhoon anapopata ujasiri wa kuuliza kuhusu mama.

Yu hai, anasema Hamaguchi. Macho yamepungua nguvu. Kila akirudi likizo, mama humuuliza yule mgeni hakupenda nini. Huenda chumvi ilizidi.

Kisha anaongeza jambo ambalo Marhoon hakulijua. Kwa ajili ya mlo ule mama alinunua sufuria mpya, kwa kuwa aliambiwa za zamani hazifai, zimepikiwa nguruwe. Mpaka leo hajaitumia kwa kitu kingine. Ameifunga kwa kitambaa na kuiweka rafuni, mgeni asije akarudi ghafla akakuta haiko tayari.

Marhoon ananitafsiria maneno hayo mpaka katikati, anashindwa. Anainuka na kwenda ukutani, anatugeuzia mgongo. Anamaliza kunitafsiria baadaye, macho mekundu.

Meli ya Hamaguchi inaondoka Alhamisi, na Hamaguchi anasema jikoni mwake pana nafasi ya msaidizi, Marhoon akitaka. Ni safari ya miezi miwili kwenda na kurudi. Msimamizi wa bwalo alikwisha kuwaonya wafanyakazi wake kwamba atakayeondoka hamwekei kazi. Na binti yao, Kheiria, ana miaka mitatu tu.

Nilidhani Masouda angepinga. Alikuwa akikusanya vyombo, akasimama na sinia mkononi.

"Nenda ukale, Baba Kheiria," alisema. "Mie na mtoto tutakwenda kwa mama yangu. Kazi utapata nyingine. Huwezi kumwacha mama wa watu anauliza miaka miwili na nusu kama chumvi ilizidi."

Marhoon amekwisha kutoa kitabu chake cha ubaharia. Nilimuuliza, akifika Shodoshima, atamwambia nini yule mama. Akafikiri kidogo.

"Samahani ntaomba, lakini sio mwanzo," alisema. "Nkianza na samahani atalia, na mie ntalia, na chakula kitapoa. Ntakaa, ntakula kila kibakuli. Nkishashiba ndo ntaomba."