Mbwa Aliyemng'ata Kaka Yangu

Kaka alimlisha Bonge nyama kwa mkono wake. Bonge akala, mkia unacheza. Dakika mbili baadaye akamng'ata mkono huohuo.

Alishonwa nyuzi sita.

Mimi ni fundi viatu, nafanyia kazi barazani kwetu. Bonge nilimchukua kwenye kituo cha mbwa waliookolewa. Mpole ajabu. Ila shika mkanda wake wa shingo, kama kaka alivyofanya, uone. Anageuka mnyama mwingine kabisa.

"Adungwe sindano, alale moja kwa moja," kaka akasema, bendeji mkononi. "Nina watoto humu, dada."

"Watoto wako nitawalinda. Mbwa simuui."

"Basi chagua. Yeye au sisi."

Hakuwa anatania. Nyumba ni moja, ua ni mmoja.

"Nipe wiki, kaka. Asipobadilika nitampeleka mwenyewe."

Nikaita mfunzaji wa mbwa. Jamaa hakuzunguka.

"Amekupanda kichwani huyu. Akinguruma, vuta mnyororo huu wa shingoni kwa nguvu. Ajue bosi ni nani."

Nikavuta. Siku tatu nzima navuta, naye anazidi kuwa mkali.

Siku ya nne hakunguruma. Alijilaza sakafuni, akatetemeka, akajikojolea.

"Umeona?" mfunzaji akachekelea. "Ameshika adabu."

Adabu gani ya kujikojolea? Nikamrushia mnyororo wake nikamwonyesha geti. Akasema mbwa huyo atanitoa roho. Nikamwambia roho ni yangu.

Nikambeba Bonge hadi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na maneno mengi.

"Tabia tutaiongelea baadaye," akasema. "Kwanza apigwe picha ya eksirei."

Picha ilipotoka, aliweka kidole kwenye mfupa wa shingo. Kulikuwa na ufa wa zamani, na akasema mshipa wa fahamu umebanwa hapo.

"Kila akivutwa hapa, ni kama anachomwa msumari wa moto. Nani amekuwa akimvuta?"

Nikainua mkono.

Mimi. Mimi niliyejifanya mtetezi wake.

Nililia palepale, sikujali nani ananiangalia. Kisha nikachukua dawa, nikarudi barazani, nikamshonea mkanda wa kupita kifuani. Shingo haiguswi tena na mtu.

Siku ya saba niliweka picha mbele ya kaka, nikamwonyesha ule ufa. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Kumbe alikuwa anasema inauma."

"Ndiyo. Mimi nikamjibu kwa mnyororo."

Akashusha pumzi. "Abaki. Ila watoto wasimsogelee bila wewe kuwepo."

"Hiyo haki yako."

Majirani bado wanamwita mbwa wa shetani. Wamwite. Bonge haendi popote.

Na wewe mwenye mtu nyumbani mliyembatiza jina la mkorofi au kisirani, kabla hujamvuta, tafuta panapomuuma. Ukiona huko ni kudekeza, njoo uniambie usoni.

Baraza langu liko wazi tangu asubuhi.