Mkia wa Nguruwe wa Uzinduzi

Asubuhi hiyo kisu kilisimama hewani. Bosi Tan alikuwa amekishika kwa mikono miwili juu ya nguruwe wa kuokwa, vijiti vya udi vikifuka mbele yake, na ukumbi mzima wa ghorofa ya kumi na nne ukimngoja akate ili mchezo mpya ufunguliwe. Hakukata. Aliinama, akautazama mkia wa nguruwe, akauvuta kidogo kama mtu anayejaribu kitasa. Kisha akakiweka kisu mezani.

"Dada Zhen yuko wapi?"

Wengi waliokuwepo walikuwa vijana wa ajira mpya, na hawakujua Dada Zhen ni nani. Waliomjua walitazama viatu vyao.

Jina lake kamili ni Kuang Huizhen. Ujana wake aliumalizia Huadu, kaskazini ya Guangzhou, katika kiwanda cha mikoba, akishona mikanda tu: si mkoba mzima, mkanda. Kiwanda kilipohamishwa, alishuka mjini kutafuta kazi ya kufagia, akaipata kwa vijana waliokuwa wamepanga nyumba juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Walikuwa wakitengeneza michezo ya simu. Walikula tambi kwenye vikombe vya karatasi na kulala chini ya meza. Baada ya mwezi mmoja Huizhen alikuwa anafagia, anapika supu, anapokea wageni, anagombana na mwenye nyumba. Kazi yake haikuwa na jina. Walimwita Dada Zhen, na akitoka kwenda sokoni nyumba ilipwaya.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa mashujaa wa upanga, kama michezo mingine yote ya mwaka ule. Wa pili ulikuwa wa kufuga samaki. Kila mmoja ulizinduliwa kwa nguruwe mzima, kwa maana Guangzhou hakuna duka wala daraja linalofunguliwa bila nguruwe, na kila mmoja ulikufa ukiwa mchanga. Wa tatu ulikuwa wa kibanda cha uji: mchezaji anaanza na sufuria moja kando ya barabara, anapanua mpaka anakuwa na hoteli. Tan, ambaye siku hizo hakuna aliyemwita bosi, aliwaambia wenzake wazi kwamba huu ukianguka kila mtu arudi kwao.

Huizhen ndiye aliyetumwa kwa Mzee Pang, mwokaji wa Panyu, kumleta nguruwe. Alirudi naye katika gari dogo la mizigo. Walipofika chini ya ngazi akafungua sanduku, akamgeukia dereva.

"Mkia uko wapi?"

"Mkia gani?" dereva akauliza.

"Wa mama yako! Wa nguruwe, we dereva!"

"Dada, mimi naendesha gari, sichungi nguruwe. Pengine amekuja hivyo."

Mkia ulikuwa umesagika kwenye kona ya sanduku, umebaki makombo. Na nguruwe wa uzinduzi sharti awe na kichwa na mkia, ili lililoanzishwa lipate mwisho wake. Hilo hata mtoto analijua. Juu, vijana wale walikuwa wameshawasha udi. Huizhen aliketi kwenye ngazi, akautoa mkoba wake mwenyewe, akakata kipande cha mkanda, akakisokota, akakipaka mafuta ya nguruwe mpaka kikang'aa, akakishona kwa uzi mwekundu. Sindano alitembea nayo siku zote ukosini. Ni tabia ya Huadu.

Tan alikata kutoka kichwani mpaka mwisho. Nyama ilipoanza kugawiwa, Huizhen aliruka mbele.

"Mkia wangu! Asiguse mtu!"

"Mtazameni Dada Zhen," wakamcheka, "anapenda mkia kama paka."

Mchezo wa uji ukashika. Mwanzoni ulishika polepole, halafu kama moto wa nyasi kavu. Watu waliucheza kwenye treni, kazini, chooni. Kampuni ikahamia jengo lenye lifti, ikaongeza ghorofa, ikaajiri watu wa kutafsiri uji kwa Kireno na Kiindonesia. Saa sita mchana taa zilizimwa na mamia ya vitanda vya kukunja vikafunguliwa kwa usingizi wa mchana, na Huizhen akapita katikati yao kwa soksi, akihakikisha hakuna simu inayolia. Kila baada ya mwaka mpya aliwapangia foleni wafanyakazi wapokee bahasha nyekundu za pesa mkononi mwa bosi. Wapya walimdhania kuwa ni shangazi wa bosi.

Mchezo wa nne ulipokaribia, alikwenda tena Panyu, bila kutumwa.

"Mzee Pang, huyu umkate mkia."

Mzee akafuta mikono. "Watu hunitukana mkia ukivunjika, wewe unanilipa nikuvunjie?"

"Kata, unyamaze."

"Nitakata. Lakini huko mbinguni tukiulizwa, mimi na wewe hatujuani."

Huizhen hakuwa na hakika kwamba anaamini. Alijua tu kwamba nguruwe wawili wazima walizika michezo miwili, na mwenye mkia wa mkanda aliinua kampuni. Nani angethubutu kubadilisha? Akashona wa nne, akashona wa tano, na kuendelea. Mingine ilistawi, mingine ikafifia, lakini hakuna uliokufa. Kila uzinduzi aliuchukua mkia mapema, akaufunga kwenye leso, na kicheko cha paka kikawa desturi ya kampuni.

Kisha akaja Meneja Ruan kutoka Shenzhen, mwanamke nadhifu aliyepewa idara ya utawala aitengeneze. Huizhen alikuwa anatimiza miaka hamsini, umri ambao mfanyakazi wa kike hustaafishwa.

"Niache nifanye kazi hata nusu siku," Huizhen alimwomba. "Hata siku za uzinduzi tu."

"Dada Zhen, umetumika vya kutosha. Kapumzike, ucheze na wajukuu."

"Sina wajukuu. Sina hata mkwe."

Meneja akatabasamu, akapokea kitambulisho chake cha kazi. Bosi Tan alikuwa safarini. Alituma ujumbe wa sauti wa shukrani na kikapu cha matunda. Huizhen akarudi Huadu kwa mdogo wake. Miezi miwili alilala na simu pembeni ya mto. Watanihitaji kwa nguruwe, alijiambia, hawana mwingine. Siku ya uzinduzi ilifika bila mtu kumpigia. Meneja Ruan alikuwa ameagiza nguruwe hotelini.

Simu ililia akiwa anakunywa uji.

"Dada Zhen," sauti ya Bosi Tan ilikuwa ya chini, "mkia huu ni wa kweli."

Huizhen aliweka kijiko. "Ulijua?"

"Tangu ule wa kwanza. Ngozi ya kuokwa hupasuka, ile ilikigomea kisu. Nikasema moyoni, huyu mama ametuwekea kamba ya mkoba."

"Mkanda. Si kamba. Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini, wakati watu walishaanza kupiga makofi?" Akavuta pumzi. "Natuma gari. Njoo na sindano yako. Tutasubiri hata mpaka jioni, na kesho urudi kazini. Ruan niachie mimi."

Nyuma yake sauti ya kike ilikuwa inasema, "Bosi, wachezaji wanangoja."

Lile alilolitamani miezi miwili lilikuwa sasa sikioni mwake. Aligusa ukosi, sindano ilikuwepo. Akawaona vijana wasiomjua, udi ukiwachoma macho, wakijifunza kumwogopa nguruwe mzima. Akienda, nguruwe huyu hatakuwa wa mwisho. Kila mchezo utamngoja yeye, na yeye akifa watamwogopa nguruwe bila kujua kwa nini.

"Siku ile nilishona ili msiogope," alisema. "Leo mnaogopa kwa sababu nilishona. Kata."

"Dada Zhen..."

"Kata toka kichwani, usirudishe kisu. Na mkia mpe Meneja. Husemwa ni mtamu. Mimi sijawahi kuuonja."

Alisikia kisu kikichukuliwa mezani, kisha ngozi ikipasuka mpaka mwisho, halafu makofi. Hakungoja yaishe.

Mchezo ule umefanya vizuri kiasi, si zaidi ya hapo. Kuang Huizhen ana cherehani kwenye baraza ya mdogo wake huko Huadu, anashona mikanda ya mikoba iliyokatika, na siku ya Jumatatu hafungui, hupumzika.