Nilibadilisha Namba ya Hospitali kwa Wivu

Kosa ni langu, na nalisema kabla hamjamlaumu mwingine. Nilimharibia mwenzangu kazi kwa wivu. Wivu mtupu!

Miaka ile ya sabini nilikuwa opereta wa simu Iringa mjini. Ukitaka kuongea na mtu unaniita mimi, nachomeka waya, unaongea. Atupele, binti wa Kinyakyusa kutoka Mbeya, nilimfundisha kazi hiyo mwenyewe.

Ukaja mtambo mpya. Mtu anazungusha namba, simu inalia bila opereta. Nani akachaguliwa kwenda kuusomea? Atupele! Aliporudi, mafundi wakawa wanamwita "Ndugu Mtaalamu." Mimi naambiwa, "Mama, hebu tupishe hapo." Jamani, niliumia!

Atupele aliandika kwa penseli orodha ya namba zote zilizokwisha kutangazwa mjini, mafundi waunganishe nyaya kwa kuifuata. Alipoenda kula, nikafuta namba mbili. Ya hospitali nikaipa mashine ya kusaga nafaka ya mtaa wa Mlandege, ya mashine nikaipa hospitali. Nilitaka tu achekwe!

Hakucheka mtu. Mtambo ulipowashwa tu, mwalimu mmoja wa Kalenga alipiga hospitali kuomba gari. Mkewe alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Akajibiwa, "Leo hatusagi, mashine mbovu." Akapiga tena, na tena. Mwishowe akampakia mkewe kwenye lori la mahindi.

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Atupele akaitwa ofisini kwa bwana mkubwa, nami nikaitwa. "Huu si mwandiko wangu!" alilia. Bwana mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe unasemaje?"

Nikasema, "Siku hizo alikuwa na haraka sana."

Mungu wangu! Akafukuzwa, nafasi yake nikapewa mimi. Sikumaliza hata wiki. Nikapanda basi hadi Mbeya, nikamkuta kwao anapalilia viazi. Nikamweleza yote huku nalia.

Hakunitukana. "Dada, nenda kamwambie yule mwalimu. Kisha bwana mkubwa. Mimi usinililie."

Nikaenda Kalenga. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Kisha nikamwambia bwana mkubwa. Kazi nikaipoteza, na ilikuwa haki. Atupele alirudishwa. Tukikutana barabarani, anavuka upande wa pili.

Wewe unayesoma, mwenzako akipandishwa na moyo ukakuchoma, lia. Gombana naye hata hadharani! Lakini kazi ya mikono yake usiiguse. Hujui ni nani atakayepiga hiyo simu.